Jinsi ya kumwanzishia mtoto wa miaka 13 mazoezi ya uzito

Mama mmoja jirani aliniletea mwanawe wa miaka 13, ambaye alikuwa ameanza kujipenyeza kwenye jimu ya uani, ile ya vyuma vya zege, yaani chuma chenye makopo yaliyojazwa zege kwenye ncha zake. Alitaka kujua kama vyuma vitamdumaza. Havitamdumaza. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za kukulia karibu na maungio, na kweli zinaweza kuumia, ila kinachoziumiza ni uzito uliopitiliza, mkao mbaya na ajali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kwenye mwongozo wake wa 2020, kinayakubali mazoezi haya mradi mtoto afundishwe vizuri na asimamiwe. Nilimpitisha kijana yule hatua hizi.

Hatua ya 1: Afya

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kifafa au selimundu amwone daktari kwanza.

Hatua ya 2: Mwili mtupu

Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu (akishindwa, asukume ukuta), kujikaza kwa viwiko (alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka). Asishike uzito wowote mpaka achuchumae mara 15 visigino vikiwa chini, mgongo umenyooka na magoti hayaingii ndani.

Hatua ya 3: Uzito unaoujua

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Kwa mtoto sivitaki kabisa vyuma vya zege. Makopo mawili ya rangi yanaweza kufanana kwa macho, kumbe moja limeshiba zege kuliko jingine, na mtoto anainua upande mmoja ukimvuta. Zaidi ya hapo, hakuna anayejua chuma kizima kina kilo ngapi. Ukiwa huna kingine, kipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu wakipime, halafu tafuta mahali kinapolala sawasawa na upatie alama ya rangi. Hata hivyo, usimwanzishie nacho.

Mashine za jimu nazo zimetengenezwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto mfupi hukaa vibaya humo, na mara nyingi hatua moja ya kuongeza uzito ni kubwa mno kwake.

Mimi natumia maji. Lita 1 ni kilo 1, huhitaji mizani. Ila usijaze dumu nusu: maji yanacheza, na mtoto anayumba nayo. Mchanga pia hapana, kwani ni mzito kuliko maji na ukilowa unazidi. Chukua chupa za nusu lita, zijaze mpaka shingoni, zifunge vizuri, uzipange kwenye begi la shule lenye mikanda miwili. Ziviringishe kwa kanga zisigongane. Kaza mikanda begi limkae juu mgongoni, maana likining'inia linamvuta nyuma anapochuchumaa.

Anza na chupa 4, yaani kilo 2. Akimaliza marudio 15 bila mkao kuvunjika, siku mbili za mazoezi mfululizo, ongeza chupa moja tu. Kuanzia kilo 5 nusu kilo ni asilimia 10, na ongezeko la asilimia 5 hadi 10 ndilo linalofaa. Kabla ya hapo begi ni jepesi kiasi kwamba nusu kilo haina neno. Mkao ukivunjika, toa chupa, hata kama rafiki zake wanaangalia. Kujaribu uzito wa mwisho anaoweza kuinua mara moja tu, kataza.

Pumzi: atoe anapoinuka, avute anaposhuka. Asiibane.

Hatua ya 4: Ratiba

Mara 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Seti (mzunguko mmoja wa marudio bila kupumzika) 1 au 2, marudio 8 hadi 15. Mtu mzima awepo muda wote, simu mfukoni.

Hatua ya 5: Mweleze cha kutarajia

Kabla ya kubalehe nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva zinajifunza kuitumia misuli; mikono haitatuna sana. Asipoambiwa mapema atavunjika moyo, au atashawishika kununua unga wa protini. Hauhitaji: maharage, dagaa na mayai vinatosha.

Hatua ya 6: Maumivu

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu ndani ya goti, begani au kiunoni si kawaida: asimamishe siku hiyo hiyo, na yakiendelea apelekwe hospitali. Akihisi kizunguzungu au kifua kubana, aende palepale.