Kupandikiza matumbawe magumu kwenye tangi la nyumbani

Maji kwanza: chumvi gramu 35 kwa kilo, joto 25–26°C, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, ualkali (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8 hadi 9 dKH, yaani digrii za kipimo cha ualkali. Huo ualkali ndio wa kuuangalia zaidi. Ukipanda au kushuka ghafla zaidi ya 1 dKH kwa siku, Acropora (matumbawe magumu ya matawi) huweza kuanza kubanduka nyama kuanzia shinani, ikiacha mfupa mweupe. Pima kila siku mpaka ujue tangi linatumia ualkali kiasi gani, ndipo uuongeze kidogo kidogo.

Kipande kipya cha tumbawe kikae chini ya tangi kwa wiki moja, kisha kipandishe polepole. Mwanga mkali wa ghafla hukipausha. Acropora huishia juu, kwenye mkondo wenye nguvu unaobadilika mwelekeo, kamwe si mbele ya mdomo wa pampu. Euphyllia (matumbawe magumu yenye minyiri mirefu) hupenda chini, mkondo wa wastani. Iachie sentimita 15 au zaidi kila upande, kwani usiku hunyoosha minyiri inayochoma majirani.

Kubandika: futa kitako kikauke, tia gundi ya supaglu nzito, kisha kandamiza kwenye jiwe ukizungusha kidogo. Gundi ikigusa maji huvaa utando mweupe. Usipoupasua kwa kuzungusha, haishiki, na asubuhi utakuta kipande kimelala mchangani.