Rota ya kombaini: kabla ya kuchomelea, leta mizani

Msimu wa mavuno ukifika, malalamiko huwa ni yaleyale: mashine inatupa masuke nyuma yakiwa bado na punje. Wenye kombaini wengi hapa Igunga hukimbilia kuongeza mwendo wa rota, lile pipa refu la chuma lenye meno linalopukuchua mpunga ndani ya mashine. Punje zitatoka, ila nyingi zitapasuka, na mnunuzi wa mchele wa Supa hahitaji miwani kuona chenga. Usiguse mwendo kwanza. Fungua kifuniko uangalie meno.

Mabua ya mpunga yana silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, ndiyo maana yanakula chuma. Jino huliwa upande ule unaopokea mabua. Kama meno ya mashine yako yamefungwa kwa bolti na umbo lake linaruhusu, yageuze, upande mzima utafanya kazi msimu mwingine. Lililoisha ncha au kupinda, badilisha.

Kwenye usalama sibembelezi mtu. Shusha kichwa cha kukatia mpaka kiguse ardhi, zima injini, ufunguo uingie mfukoni mwako wewe, si kwa dereva. Chomoa waya hasi wa betri, toa mkanda wa rota. Kisha zuia rota kwa kipande cha gogo kabla ya kuingiza mkono, maana ikiwa na upande mzito inajizungusha yenyewe, na vidole haviuzwi dukani.

Andika namba kwa rangi kwenye kila jino na mahali lilipokaa. Nati zilizoshika kutu zimwagie dizeli, uziache zilale hadi asubuhi.

Sasa tuje kwenye mizani. Mzee mmoja wa Igurubi aliwahi kuniuliza, "Fundi, si uchomelee tu tukavune?" Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, nitafutie kwanza mizani ya dukani." Piga hesabu hii: jino lililozidi gramu 100, likiwa sentimita 30 kutoka katikati ya shafti, rota ikizunguka mara 600 kwa dakika, linavuta kwa nguvu ya kama kilo 12. Na linavuta kila upande, mara 10 kwa sekunde. Hapo beringi zitadumu vipi?

Kwa hiyo pima kila jino jipya. Yanayolingana uzito yakae yakitazamana, moja huku, jingine upande wa pili wa shafti. Na meno ya kuchonga kwa nondo sikushauri: nondo ni laini, ni ya kujengea nyumba, itakwisha kabla hujamaliza shamba.

Ukibadilisha meno mengi, toa rota nje. Ni nzito, tumia cheni bloki kwenye miti mitatu iliyosimikwa vizuri, usiamini tawi la mwembe. Panga vyuma viwili vya pembe juu ya mabenchi, mgongo wa chuma ukiangalia juu, usawazishe kwa pima maji. Laza shafti juu yake, sukuma rota taratibu, iache isimame yenyewe. Weka alama ya chaki upande uliobaki chini. Rudia. Chaki ikirudi chini kila mara, upande huo ndio mzito. Bandika udongo wa mfinyanzi upande wa juu, ongeza kidogokidogo mpaka rota ikubali kusimama popote. Bandua udongo, upime, kisha funga washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, za uzito huohuo chini ya bolti za pale.

Lakini rota ni ndefu. Inaweza kutulia kabisa kwenye mabenchi halafu itetemeke ikikimbia, kwa sababu mbele imezidi upande mmoja na nyuma imezidi upande mwingine. Washa zifungwe mwisho uleule ulikobadilisha meno, usizipeleke kokote penye nafasi.

Beringi: zungusha kwa mkono, zikikwaruza au kucheza, badilisha. Fito, yaani chuma kirefu kinachoshikilia meno, ikiwa na ufa inachomelewa, ila waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubane kwenye rota, karibu na ufa. Ukiubana kwenye bodi, umeme unapita ndani ya beringi na kuzitoboa vidoa. Shafti iliyopinda si kazi ya uani, ipeleke kwa wenye mashine ya kukereza.

Ukirudisha, tumia nati mpya za kujikaza, zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa, jino lisiguse wavu wa chini. Nafasi yake imo kwenye kitabu cha mashine. Funga vifuniko vyote, washa kwa mwendo mdogo, na asisimame mtu ubavuni mwa rota. Baada ya dakika kumi zima, rota ikisimama kabisa gusa nyumba za beringi. Mkono usipovumilia joto, fungua upya.

Ukimaliza eka mbili tatu za mwanzo, kaza nati zote tena. Dereva atanung'unika kwamba jua linazama. Mwache anung'unike.