Umetoka Katanga, unaishi Ulaya: omba kupimwa kichocho kwa damu

Mimi ni mtoto wa Katuba, Lubumbashi, kule Kongo, lakini kila likizo kubwa tulipelekwa Kasenga kwa bibi. Huko kutwa nzima tulikuwa ndani ya mto Luapula: kuoga, kufua, kuchota maji, kuwasaidia wavuvi kuvuta mitumbwi. Nilipohamia Ubelgiji tumbo likawa linanisumbua. Daktari wa familia akanipima choo mara moja, hakuona kitu, mambo yakaishia hapo. Miaka sita baadaye daktari mwingine alinipima damu. Kichocho kilikuwemo, na pamoja nacho minyoo midogo inayoitwa strongiloidesi, ambayo sikuwahi hata kuisikia.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 88 kuhusu wahamiaji na minyoo hiyo miwili. Kwa kipimo cha damu, asilimia 18.4 ya wahamiaji walionekana kuwa na alama za kichocho. Kwa waliotoka Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 24.1, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Strongiloidesi ilikuwa asilimia 12.2 kwa wote, na 14.6 kwetu sisi. Lakini choo kilipotazamwa kwa darubini, kichocho kilionekana kwa chini ya mtu mmoja katika mia.

Tofauti hiyo kubwa ina sababu mbili, na zote mbili ni za kweli. Ya kwanza: kwenye damu hutafutwa kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, na kingamwili hubaki miaka mingi hata baada ya minyoo kufa. Kwa hiyo si kila mwenye jibu chanya bado ana mnyoo hai. Ya pili: darubini hutafuta mayai, na mtu aliyeishi Ulaya miaka kadhaa ana minyoo michache, mayai yake ni haba, tena hayatoki kila siku. Choo cha asubuhi moja kinaweza kusema "hamna" na mnyoo yumo. Mimi nimeishi ndani ya jibu hilo la "hamna" miaka sita. Ndiyo maana Kituo cha Ulaya cha Kudhibiti Magonjwa, katika mwongozo wake wa 2018, kinapendekeza wahamiaji kutoka nchi zenye magonjwa haya wapewe kipimo cha damu, hata wakijiona wazima.

Kwa Waafrika wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi hali ilikuwa nzito zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 ulipima vijana wa Sudan waliokuwa wamepewa makazi huko: asilimia 44 walikuwa na alama za kichocho kwenye damu na 46 za strongiloidesi. Kwa Wabantu wa Somalia, kichocho kilifika asilimia 73.

Sasa nataka kuzungumza na mama na dada zetu. Katanga tuna aina zote mbili za kichocho, ya tumbo na ya mkojo. Ile ya mkojo hutaga mayai kwenye kibofu, na kwa wanawake hata kwenye mlango wa kizazi na uke. Huleta damu, uchafu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Daktari asiyejua Afrika huona dalili hizo akafikiria ugonjwa wa zinaa, na mume akisikia hivyo nyumba huwaka moto. Dada yangu, huenda hukukosa lolote ila kufua nguo mtoni ukiwa na miaka minane. Mwambie daktari neno hilo waziwazi. Akitaka kupima mkojo, mpelekee ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi saa hizo.

Pia usiogope kwamba utawaambukiza watoto mezani au kitandani. Kichocho hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Lazima kipitie konokono wa majini, kisha kiingie kwenye ngozi ya mtu aliye majini.

Strongiloidesi ndiyo inayonitisha zaidi. Kichocho hakizaliani ndani ya mwili. Minyoo yake huzeeka na kufa, ingawa inaweza kuchukua miaka mingi. Strongiloidesi hujiambukiza upya humo humo, kwa hiyo inaweza kukaa na mtu maisha yake yote bila kelele. Wanajeshi wa Uingereza waliofungwa Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili walikutwa nayo zaidi ya miaka thelathini baadaye. Hatari huja mtu anapopewa kotizoni, dawa inayotuliza uvimbe lakini hushusha kinga ya mwili, kwa pumu, kwa maumivu ya viungo, kwa saratani, au deksamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo, kama walivyopewa wagonjwa wengi wa Covid. Kinga ikishuka, minyoo huzaana ovyo, husambaa mwilini na inaweza kuua. Ukiambiwa utaanza kotizoni ya muda mrefu au tiba ya saratani, sema hapohapo: "Nimekulia Kongo, nipimeni strongiloidesi kwanza."

Dawa zipo na hazina mambo mengi. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, kipimo kikihesabiwa kwa uzito wako, miligramu 40 kwa kilo. Famasi ya kawaida huenda isiwe nayo, hivyo kliniki ya magonjwa ya tropiki, kama ile ya Antwerp, hukuokolea muda. Strongiloidesi hutibiwa kwa ivermektini, ila hapa Mkongomani asiharakishe. Kama uliwahi kuishi kwenye misitu ya kaskazini au magharibi, unaweza kuwa na Loa loa, mnyoo wa jicho. Mtu mwenye Loa loa nyingi akimeza ivermektini anaweza kupata madhara mazito ya ubongo. Damu ichukuliwe mchana na itazamwe kwanza. Usiagize vidonge kwenye intaneti, wala usimeze vya jirani.

Ukiwapeleka watoto nyumbani Noeli, waache wale bukari (ugali) na samaki wa Kasenga washibe. Samaki aliyepikwa haleti kichocho. Ila mtoni wasiingie, wala ziwa Moero, wala ziwa Tanganyika, hata kama binamu zao wamo. Wakiingia, weka alama kwenye kalenda na uwapeleke kupimwa damu miezi mitatu baadaye, hata kama hawana homa. Wakipata homa na kikohozi wiki chache baada ya kurudi na malaria isionekane, mtaje daktari mto huo kwa jina.

Ukishatibiwa, tunza karatasi ya majibu. Kingamwili za kichocho zitaendelea kuonekana, na daktari wako wa mji mwingine atataka kujua kwamba dawa ulishameza, na mwaka gani.