Nyama Ipate Rangi Lini? Hatua za Kupika Bourguignon, Rendang na Asado

Wapishi wengi wanaoanza kujifunza mapishi ya nyama ya mataifa mengine huhangaikia orodha ya viungo, ilhali swali linaloamua matokeo ni moja: nyama ikaangike na kupata rangi ya kahawia wakati gani? Wafaransa wa Burgundy, katika bourguignon, huanza kwa rangi hiyo, Waminangkabau wa Sumatra Magharibi nchini Indonesia humalizia nayo katika rendang, na Waargentina, katika asado yao ya kubanika, huijenga polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nitayaeleza mapishi hayo matatu kwa mpangilio huo, kwa kuwa anayeelewa tofauti yake hatahitaji kukariri vipimo.

Rangi ya kahawia, pamoja na harufu nzito inayoandamana nayo, hutokea protini na sukari za nyama zinapofikia takriban nyuzijoto 140 za Selsiasi. Maji yanayochemka katika sufuria ya kawaida hayazidi 100, kwa hiyo nyama iliyolowa haiwezi kupata rangi hata moto uwe mkali namna gani. Kulainika ni jambo jingine kabisa. Utando mweupe unaoshikilia minofu umejengwa kwa kolajeni, ambayo huanza kuyeyuka na kuwa jelatini kwenye nyuzijoto 70 hivi, tena taratibu mno. Ndiyo maana nyama ya bega, ya shingo au ya muundi, ambayo hutafunika kwa shida ikikaangwa haraka, huwa laini ajabu baada ya saa tatu chunguni, na sarara iliyopikwa muda huohuo hubaki kama pamba kavu. Mwambie muuza nyama unataka kupika nini kabla hajaanza kukata.

Bourguignon: rangi kwanza

Kata kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe ya bega katika vipande vya sentimita 5, kisha uvifute kwa kitambaa mpaka vikauke. Katika sufuria nzito inayoweza kuingia ovenini, kaanga gramu 150 za nyama ya nguruwe ya tumbo iliyokaushwa kwa chumvi, uitoe ikishaacha mafuta yake, na utumie mafuta hayo kukaangia nyama ya ng'ombe vipande vichache kwa wakati mmoja. Hapa ndipo wengi huharibu. Mara ya kwanza nilipopika chakula hiki nilirundika nyama yote kwa pamoja, ikatoa maji, ikaishia kuchemka katika supu yake yenyewe, na mchuzi ukatoka wa kijivu usio na ladha. Acha nafasi kati ya vipande, wala usivigeuze kabla havijaachia sufuria vyenyewe.

Nyama ikishapata rangi pande zote, iweke kando, kaanga kitunguu kimoja na karoti mbili katika mafuta yaliyobaki, nyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano, kisha mimina chupa moja ya divai nyekundu huku ukikwangua ukoko ulioganda chini, maana ladha kubwa ya mchuzi imo humo. Rudisha nyama zote mbili, ongeza mchuzi wa mifupa kiasi cha kuzifikia usawa wa juu, tia shada la thaimu, kotmiri ya Kizungu na jani la bay (bay leaf), funika, na uache ovenini kwenye nyuzijoto 150 kwa muda wa saa tatu hivi. Uyoga na vitunguu vidogo vizima hukaangwa peke yake na kutiwa mwishoni, kwani vikikaa humo saa zote tatu hupondeka. Anayejiepusha na divai namshauri aende moja kwa moja kwenye rendang, kwa sababu maji ya zabibu yanayopendekezwa mahali pake huufanya mchuzi uwe mtamu na hutoa pishi jingine.

Rendang: rangi mwisho

Pishi hili linageuza utaratibu wote juu chini, na ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Nyama huingia mbichi ndani ya tui, haikaangwi kwanza, na hukaangika yenyewe baada ya maji yote kuisha.

Kwa kilo moja ya nyama ya bega au ya paja, saga pamoja gramu 250 za vitunguu vidogo vyekundu, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, kipande kikubwa zaidi cha galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi), manjano kidogo na pilipili nyekundu kwa kiasi unachokiweza. Kamua nazi tatu upate lita moja na nusu ya tui, ukichanganya kasimile na tui la pili. Injika tui, viungo vilivyosagwa, miche miwili ya mchaichai iliyopondwa, majani machache ya ndimu na jani la manjano ukilipata, kisha koroga bila kuacha mpaka lichemke, kwani likiachwa hukatika. Ndipo utie nyama iliyokatwa vipande vikubwa, ambavyo havitavunjika katika saa nne zijazo, pamoja na chumvi. Usifunike sufuria, kwa kuwa lengo ni kuyafukuza maji.

Waminangkabau wana majina ya hatua zinazofuata, nayo yanamsaidia mpishi kuliko saa ya ukutani. Mchuzi ungali mwepesi na wa rangi ya manjano, chakula hicho huitwa gulai. Baada ya saa mbili hivi, mchuzi unapokuwa mzito, wa hudhurungi, na mafuta yameanza kuelea, huitwa kalio, na wengi hudhani wamemaliza. Endelea. Punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa na ukoroge mara kwa mara, kwani sasa viungo vinashika chini upesi. Maji yanapokwisha, mafuta ya nazi yaliyojitenga huanza kuikaanga nyama ambayo tayari imelainika, sauti ya sufuria hubadilika kutoka kutokota hadi kuchachatika, na rangi hukolea kuelekea weusi. Viungo vikishaigandama nyama na mchuzi ukatoweka, hiyo ndiyo rendang. Ukavu huo ndio ulioifanya iwe chakula cha kubebwa safarini na Waminangkabau, ambao desturi yao ya kwenda kutafuta maisha ugenini huitwa merantau.

Asado: rangi polepole

Hapa hakuna sufuria. Washa kuni au makaa pembeni mwa wavu wa kubanikia, ambao Waargentina huuita parrilla, na usubiri ndimi za moto ziishe mpaka yabaki makaa yaliyofunikwa na jivu jeupe. Yasogeze chini ya wavu, kisha uweke kiganja usawa wa nyama itakapokaa: ukiweza kuvumilia sekunde sita au saba, joto linafaa, na ukiondoa mkono mapema zaidi, tawanya makaa.

Tumia mbavu za ng'ombe zilizokatwa kukingama mifupa, yaani tira de asado, zenye unene wa sentimita 5 hivi. Nyunyiza chumvi ya mawe pekee, laza upande wa mifupa chini, na usiziguse kwa takriban saa moja, kwani mfupa huikinga nyama huku ukiipitishia joto polepole. Geuza mara moja tu, upande wa nyama upate rangi kwa dakika 20 au 30. Mafuta yakidondoka na kuwasha moto, sogeza makaa, usimwage maji, kwani jivu litapanda juu ya nyama.

Wakati huo tengeneza chimichurri kwa kotmiri ya Kizungu, kitunguu saumu, oregano, pilipili kavu, siki na mafuta, vyote vikikatwakatwa kwa kisu badala ya kusagwa, na uiweke mezani katika bakuli lake, kila mlaji ajitilie mwenyewe nyama ikishakatwa.