Kutoka Givry hadi Cluny kwa baiskeli, mbali na magari

Anayetaka kutalii mashambani mwa Ufaransa kwa baiskeli bila kubughudhiwa na magari aanze na njia ya Givry hadi Cluny, huko Bourgogne, ambayo ilifunguliwa mwaka 1997 juu ya tuta la reli iliyoachwa. Kwa kuwa treni hazipandi miinuko mikali, njia hiyo ya takribani kilomita 44 haina mlima wa kutisha, na hata mtu asiye na mazoezi makubwa anaweza kuimaliza kwa siku moja. Mimi nashauri asiimalize kwa siku moja. Njiani, Cormatin kuna kasri la karne ya 17 lenye bustani nzuri, na Cluny kuna mabaki ya abasia (makao ya watawa) iliyoanzishwa mwaka 910, ambayo kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi hadi Basilika la Mtakatifu Petro lilipojengwa upya Roma. Sehemu kubwa yake ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kilichosalia kinastahili nusu siku nzima.

Atakayeendelea kusini kuelekea Mâcon atapitia handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi. Humo mna baridi hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo koti na taa ya baiskeli viwekwe mahali pa kufikika haraka. Handaki hilo hufungwa majira ya baridi ili popo wasisumbuliwe, na msafiri wa wakati huo hulazimika kuvuka kilima kwa barabara ya juu.