Kutengeneza Siagi ya Karanga Tamu Nyumbani, Kuanzia Ungo hadi Chupa

Siagi ya karanga iliyotiwa asali au sukari inaweza kutengenezwa katika jiko lolote la nyumbani, na ikitengenezwa vizuri huwa na harufu na ladha ambayo ile ya dukani haiifikii. Haihitaji dawa ya kuhifadhi wala mafuta ya kugandisha. Inahitaji karanga nzuri, moto mdogo, subira wakati wa kusaga, na kukumbuka tangu mwanzo hadi mwisho kwamba karanga iliyosagwa haipatani na maji. Matatizo mengi ambayo watu huyalalamikia, kama vile siagi kuwa chungu, kuwa ngumu kama udongo au kuota ukungu kabla haijamalizika, chanzo chake huwa ni ama karanga mbovu, ama moto uliozidi, ama maji yaliyoingia mahali yasipotakiwa.

Kwa chupa mbili za ukubwa wa kawaida, andaa kilo moja ya karanga mbichi zilizobanguliwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, na ama vijiko vitatu vya chakula vya asali au gramu 70 hivi za sukari ya unga. Weka pembeni pia mafuta kidogo ya alizeti, ambayo huenda usiyahitaji kabisa, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga yenyewe ni mafuta.

Kuchagua karanga

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa msomaji asiipite haraka. Karanga kubwa zenye ngozi ya rangi ya waridi hupoteza ngozi kwa urahisi na hutoa siagi laini ya rangi ya kahawia nyepesi. Karanga ndogo nyekundu, ambazo Wakenya wengi huziita njugu, zina ladha nzito zaidi, lakini ngozi yake hung'ang'ania na ina ukakasi, hivyo ni lazima imenywe vizuri. Aina zote mbili zinafaa, mradi ziwe za mavuno ya karibuni. Karanga iliyokaa sana ghalani hunuka mafuta yaliyochacha, na harufu hiyo haifichwi na asali. Kabla ya kununua, tafuna chache zikiwa mbichi: nzuri huvunjika kwa mlio na huacha utamu mwepesi mdomoni, ilhali iliyolowa au kuchacha hupindika kati ya meno na kuacha uchungu.

Zimwage karanga zako kwenye ungo, mahali penye mwanga wa jua, kisha uzichambue kwa mkono, konzi baada ya konzi. Ondoa zote zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi kuwa nyeusi au kijani, zilizoanza kuchipua na zenye unga wa ukungu. Hili si suala la sura peke yake. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa mno na fangasi anayezalisha sumukuvu, sumu inayoharibu ini na ambayo, ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, inaweza kuleta saratani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo ya karanga, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Ni muhimu kufahamu kwamba kukaanga hakuiondoi sumukuvu. Moto wa jikoni hupunguza sehemu yake tu, hivyo karanga iliyoota ukungu haigeuki kuwa salama kwa sababu imeiva. Kuchambua husaidia sana kwa kuwa sumu hujikusanya kwenye punje chache mbovu, na ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa ikiwa hujui zilichambuliwa vipi, maana punje mbovu ikishasagwa haionekani tena. Jihadhari pia na karanga zilizoloweshwa ili ziwe rahisi kubanguliwa, kwani unyevu huo ndio unaomkaribisha fangasi. Zile ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe, kwa sababu ng'ombe aliyekula sumukuvu huitoa katika maziwa. Zifukie au zichome.

Kukaanga

Tumia kikaango kizito au sufuria yenye kitako kinene juu ya moto mdogo wa mkaa au gesi, na uzitandaze karanga zisirundikane sana. Kilo moja ni afadhali uikaange kwa mikupuo miwili au mitatu. Geuza kwa mwiko bila kuacha. Kwa moto huo, mkupuo mmoja huchukua kati ya dakika 15 na 20. Mwenye oveni azitandaze kwenye sinia, aziache kwa nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 25, na azigeuze kila baada ya dakika saba au nane.

Usikaange kwa mchanga, ingawa wauzaji wengi wa karanga hufanya hivyo na kwa kutafuna haina ubaya. Chembe chache zinazobaki kwenye ngozi huingia katika siagi na kukwaruza meno, na hakuna namna ya kuzichuja baadaye. Vilevile karanga za kwenye vifurushi vya karatasi, ambazo hutiwa maji ya chumvi, hazifai kwa kazi hii.

Kuiva kwa karanga hutambuliwa kwa ndani. Mwanzoni zinanuka umbichi wa maharage. Baadaye huanza kualika, harufu hubadilika, na ngozi hupasuka ukizisugua. Chukua moja, iache ipoe kidogo, igawe katikati uitazame. Ikiwa bado nyeupe, endelea. Ikiwa rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, epua papo hapo na uzimwage kwenye sinia pana, kwa kuwa karanga huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe hata ikiwa nje ya moto. Anayezisubiri ziwe za kahawia kikaangoni atazikuta zimeungua siniani, na siagi ya karanga zilizoungua ni chungu hata ukiongeza sukari maradufu.

Zikipoa kiasi cha kushikika, zifikiche kwa viganja au ndani ya kitambaa kikavu, kisha uzipete kwa ungo mahali penye upepo mwepesi. Ngozi zitaruka, na pamoja nazo vitaanguka vile vijipande vidogo vyenye ncha vinavyokaa kati ya nusu mbili za karanga. Hivyo navyo vina uchungu kidogo, na anayetaka siagi laini kabisa achague vilivyobaki.

Kusaga

Saga karanga zikiwa bado na uvuguvugu, maana mafuta hutoka kwa urahisi zaidi. Chombo chochote utakachotumia kiwe kikavu kabisa. Blenda iliyooshwa asubuhi na ambayo bado ina tone la maji chini ya visu itaharibu kazi yote.

Jaza blenda hadi nusu tu. Kwanza utapata unga mkavu. Unga huo utaanza kushikana na kupanda ukutani, na hapa wengi hukata tamaa na kuongeza maji au mafuta. Usiongeze chochote. Zima, shusha unga kwa mwiko, washa tena kwa dakika moja, kisha upumzishe mota ili isiungue. Ukirudia hivyo, unga hugeuka donge zito linalozunguka pamoja na visu, halafu ghafla donge hulegea, huanza kung'aa na kutiririka. Hayo ni mafuta ya karanga yakitoka. Blenda ndogo ya nyumbani inaweza kuchukua dakika 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, ukijumlisha na mapumziko. Ikiwa baada ya hapo donge bado halijalegea, kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kinatosha kulisaidia.

Asiye na blenda atwange kwenye kinu kikavu kisichotumika kutwangia pilipili wala vitunguu saumu, akitwanga kiasi kidogo kwa wakati mmoja. Siagi itakuwa na chengachenga, na wapo tunaoipenda hivyo. Ukipeleka kwenye mashine ya mtaani, uliza kwanza ilisaga nini kabla yako, na mwombe fundi apitishe konzi moja ya karanga zako aitupe ndipo asage zilizobaki.

Kabla ya kutia utamu, chota kikombe kimoja cha siagi hii tupu ukiweke kando kwa ajili ya mboga. Mchicha au kisamvu cha karanga hupikwa kwa siagi isiyo na sukari, na ni hasara kugundua siku ya kupika kwamba chupa zote ni tamu.

Kutia utamu

Chumvi hutangulia. Kiasi kidogo huuleta mbele utamu wa karanga, hata ukahitaji sukari pungufu.

Sukari haiyeyuki katika mafuta. Ukitia sukari ya kawaida ya chai, punje zake zitabaki nzima na utazisikia mdomoni siku zote. Isage peke yake kwenye blenda kavu hadi iwe unga, au tumia sukari ya unga ya kupambia keki, kisha uichekeche juu ya siagi na kusaga tena kwa dakika moja. Siagi itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa, na hilo ni la kawaida. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal, aliyepata hataza ya Marekani ya uji wa karanga mwaka 1884, alichanganya sukari humo kwa kusudi hilohilo la kuufanya uwe mzito.

Asali ina ladha bora zaidi, ila inadai uangalifu. Takribani asilimia 17 hadi 20 ya asali ni maji, na siagi ya karanga ni chembe kavu zinazoelea katika mafuta. Chembe hizo zikiguswa na maji kidogo hushikamana, na siagi iliyokuwa ikitiririka hugeuka donge gumu mbele ya macho yako. Kwa hiyo iache siagi ipoe kwanza, itoe kwenye blenda, na uikoroge asali kwa mwiko, kijiko kimoja baada ya kingine, ukikomea mahali unapopenda uzito wake. Ikishikana kupita kiasi, ongeza mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga. Kuongeza maji ya moto, kama wengine wanavyoshauri, kutailainisha kweli, lakini siagi hiyo haitakaa siku nyingi bila kuota ukungu.

Chagua asali nzito iliyokomaa, kama ile ya misitu ya miombo ya Tabora, ambayo ina ladha nzito inayostahimili harufu ya karanga. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, pamoja na thamani yake kubwa, ina maji mengi mno kwa matumizi haya. Iache kwa kulambwa.

Atakaye kiungo atie iliki au mdalasini uliosagwa laini, robo kijiko cha chai kwa kilo moja. Korosho nazo hufuata njia hii hii, isipokuwa zikaangwe kwa muda mfupi zaidi, mpaka zianze tu kugeuka rangi, na utamu upunguzwe kwa nusu kwa sababu zenyewe ni tamu.

Kuhifadhi

Osha chupa za kioo kwa maji ya moto, zikaushe juani au kwenye oveni hadi pasiwe na unyevu wowote hata kwenye mfuniko, ndipo uzijaze na kuzigongagonga ili hewa itoke. Baada ya siku chache mafuta yatapanda juu. Siagi haijaharibika, za viwandani hazifanyi hivyo kwa kuwa hutiwa mafuta yaliyogandishwa. Koroga yarudi, wala usiyamwage, kwani ukiyamwaga kitakachobaki chini kitakuwa kikavu hata hakipakiki kwenye mkate.

Katika kabati lenye giza na ubaridi siagi hii hukaa mwezi mmoja. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ni vema iwekwe kwenye friji, ambako hudumu miezi miwili hadi mitatu. Chota kwa kijiko kikavu kila mara. Ikinuka rangi ya kuta au mafuta ya zamani, au ikionyesha doa la ukungu, itupe yote bila kujaribu kuchota sehemu iliyo nzima.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe siagi yenye asali, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha sumu mwilini mwake. Mtoto mdogo asilishwe siagi kwa kijiko, maana humkwama kooni. Ikorogwe katika uji au ipakwe nyembamba. Anayeanza kula karanga kwa mara ya kwanza aanze na kiasi kidogo sana, na akivimba midomo, akitokwa na vipele au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Ukiwagawia jirani au wageni, waambie kilichomo kabla hawajaonja.