Kumzoesha farasi mchanga mwoga viunzi vya porini

Kanuni moja inatangulia nyingine zote: kwa wiki nane za mwanzo, usimpeleke farasi mchanga kwenye kiunzi asichoweza kukivuka akitokea kusimama. Gogo la sentimita 40, hata 50 kwa farasi mrefu, atalivuka mguu mmoja baada ya mwingine kama mbuzi anayepanda jiwe. Akifika akasita, humgeuzi. Unasubiri, unambana kidogo kwa mashavu ya miguu, naye anavuka. Hapati nafasi ya kugundua kwamba kukataa kunawezekana. Mpeleke kwenye gogo la sentimita 80 siku yake ya kwanza na akasimama, huna la kufanya ila kumgeuza umrudishe nyuma akapate kasi. Hapo umemfundisha kwamba akisimama anaondolewa mbele ya kitu kinachomtisha. Somo hilo farasi hulishika kwa siku moja; kulifuta ni kazi ya miezi.

Uwanjani nguzo ikiguswa inaanguka. Katika kroskantri, yaani mchezo wa kuruka viunzi vya porini, kuna magogo, kuta na mitaro, na farasi akigonga mguu wa mbele kwenye gogo, gogo halisogei. Anayepinduka ni yeye, na wewe uko juu yake. Katika mashindano viunzi vingi siku hizi hufungwa pini au vishikizo vinavyoachia vikipigwa kwa nguvu. Gogo la shambani halina pini. Ulinzi wenu ni kimo kidogo na kichwa kilichotulia.

Anza na maumivu

Farasi wengi wanaoitwa waoga wanaumwa. Wa miaka minne bado anakua, na mifupa ya mgongo huchelewa kukomaa kuliko ya miguu, hivyo tandiko lililomkaa vizuri Januari linaweza kumbana Mei. Ingiza kiganja chini ya tandiko upande wa bega, kisha saisi (mtunza farasi) aunyanyue mguu wa mbele na kuunyoosha mbele taratibu. Kiganja kikibanwa mpaka kikauma, ndivyo bega linavyobanwa kila anaporuka. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi mitatu. Daktari wa mifugo aangalie meno, hasa vile vijino vidogo vinavyokaa mbele ya magego, kwa sababu lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikivigonga farasi huinua kichwa, na aliyeinua kichwa haoni vizuri anapokanyaga. Anayepanda bila shida lakini anagoma kushuka, chunguza kwato zake za mbele kabla ya kumlaumu: uzito wote wa kutua unaangukia huko.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Lijamu laini, ukanda wa shingoni (mkanda wa zamani wa kikuku cha kukanyagia unatosha), kinga za miguu ya mbele, na kwako wewe helmeti na kizibao cha kukinga mgongo na kifua. Ukanda wa shingoni usiuache. Farasi mwoga huruka juu kupita kiasi, mpandaji hubaki nyuma, na akikosa cha kushika hujishikiza kwenye hatamu. Farasi amejitahidi akaruka, malipo yake ni kuvutwa mdomo. Akivutwa hivyo mara tatu hatajitahidi tena. Wako wanaobadilisha lijamu iwe kali farasi anapoanza kukimbia kwa hofu. Wanamwongezea sababu ya kukimbia.

Nyumbani kwanza

Wiki tatu kabla ya kwenda porini, jenga uwanjani mambo ya ajabu yaliyo madogo. Tandaza turubai la buluu lililokunjwa upana wa sentimita 50, likandamizwe na nguzo mbili kando. Huo ni mtaro na maji kwa pamoja. Laza mapipa mawili ya lita 200 kichwa kwa kichwa na uyatie kabari pande zote mbili yasiviringike. Pipa lililolala lina kimo cha karibu sentimita 58, kwa hiyo liache la mwisho. Anza na matairi ya gari dogo yaliyolazwa chini. Hivi vyote amvushe saisi kwa kamba ndefu kabla mtu hajapanda, na saisi atembee pembeni usawa wa bega la farasi. Akitangulia mbele atakanyagwa siku farasi akiamua kuruka badala ya kutembea.

Kisha panga nguzo nne chini, mita 1.3 kati ya moja na nyingine, apite kwa matiti, mwendo wa kasi kidogo kuliko kutembea ambao masaisi huuita troti. Akizoea, ongeza gogo dogo mita 2.7 baada ya nguzo ya mwisho. Nguzo zinampangia hatua, naye anafika kwenye gogo miguu ikiwa mahali pake bila wewe kufanya lolote, na kufanya machache ndicho kitu kigumu kwa wapandaji wengi.

Anavyoona

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Hatua ya mwisho kabla ya kuruka, kiunzi kinaingia sehemu hiyo. Mwachie shingo apimie mapema. Macho yake pia hukawia kuzoea giza akitoka juani, kwa hiyo gogo lililo chini ya kivuli cha mgunga saa sita mchana, kwake ni shimo jeusi. Nyekundu na chungwa hazijitokezi kwake kwenye majani; Uingereza wamebadilisha mbao za rangi ya chungwa kwenye viunzi vya mbio za farasi wakatia nyeupe, kwa sababu nyeupe anaiona. Paka gogo lako chokaa kwa juu, na weka nguzo ardhini sentimita 15 hadi 20 mbele yake ili aone linapoanzia. Nguzo hiyo isiwe nyuma ya gogo kamwe, maana farasi hupima umbali kwa mstari wa chini na ataruka akiwa amechelewa. Gogo la mviringo lililolala ardhini bila upenyo ndilo bora la kuanzia.

Siku ya kwanza porini

Tembea njia kwa miguu kwanza. Sehemu za Gilgil na Naivasha angalia mashimo ya ngiri. Popote ulipo, gonga magogo yenye uwazi kwa fimbo ukiwa mbali kidogo, kwani nyuki na nyoka huyapenda, na farasi aliyeumwa na nyuki kwenye gogo hatalikaribia gogo tena mwaka huo. Udongo mweusi ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama saruji. Masika huteleza kama sabuni. Kwenye matope, farasi mwenye viatu afungiwe njumu za skrubu. Akiteleza mara moja wakati wa kuruka, ataamini kosa ni la kiunzi.

Nenda na farasi mzee mtulivu. Hiki ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote. Atangulie, wako amfuate umbali wa farasi wawili, mita tano hivi. Akiwa karibu zaidi, mchanga haoni kiunzi kabisa, anaona mkia. Akiwa mbali zaidi, anahisi ameachwa. Viunzi vya kwanza vielekee nyumbani au lilikoegeshwa lori, kwa sababu huko ndiko miguu inakotaka kwenda. Gogo la sentimita 30 kwa kutembea, mara mbili. Kisha kwa matiti, mara mbili. Gogo la pili vivyo hivyo. Miruko kumi hadi kumi na miwili kwa siku inatosha, kazi yote isizidi nusu saa, na siku za aina hii zisizidi moja kwa wiki.

Kumwachisha kiongozi ni kazi ya hatua. Siku ya pili kiongozi anavuka kisha anasimama ng'ambo. Siku ya tatu wanavuka sambamba, nafasi kati yao iwe pana. Baadaye kiongozi anabaki nyuma. Wanaoruka hatua hizi hupata farasi jasiri kundini anayegandia langoni akiwa peke yake.

Kenya farasi wengi wa mchezo huu wametoka kwenye mbio za farasi za uwanja wa Ngong, Nairobi, na hao wana tatizo tofauti. Akimwona mwenzake mbele, hukimbia. Ndiyo kazi aliyofunzwa. Ukikaza hatamu, huegemea lijamu na kuongeza mwendo. Kwa huyo kiongozi atembee tu, hata kwenye gogo, na wewe ukaze kisha uachie, ukaze kisha uachie, bila kung'ang'ania.

Mtaro

Mtaro ndio unaoharibu farasi wengi kuliko maji, kwa sababu mpandaji naye anauogopa. Anatazama ndani, mwili unainama, uzito unahamia mabegani mwa farasi, na farasi anahisi kwamba kweli mle ndani kuna kitu. Chagua mti ng'ambo ya pili na usiuondoe macho.

Anza na mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20, kingo zisizoporomoka. Kiongozi apite kwa kutembea. Wako mruhusu ashushe kichwa anuse. Kunusa si kukataa. Miguu yako imkumbatie kwa shinikizo dogo lisilokatika, hatamu ndefu, vidole viwili ndani ya ukanda wa shingoni. Akipiga hatua nyuma, ongeza kidogo. Akielekeza hata sikio mbele, punguza. Huenda ukasubiri dakika tano. Subiri. Wengi hukata tamaa dakika ya nne na kuchukua fimbo, na farasi anaunganisha mtaro na kipigo.

Akiruka, ataruka kana kwamba ni mto mzima, huku kichwa kikiwa juu na mgongo umekakamaa. Shika ukanda, usivute mdomo, msifu, rudia papo hapo kabla hajapoa. Mara ya nne au ya tano mruko utapungua wenyewe na shingo itashuka. Hapo ndipo pa kuachia. Mtaro wa upana wa mita moja unakuja baada ya wiki tatu za mitaro midogo, tena kwa matiti.

Maji

Chagua maji yenye sakafu ngumu ya changarawe, kina cha sentimita 15, mwingilio wa mteremko. Kanuni za kimataifa huruhusu kina kisichozidi sentimita 35; hicho si cha mwanafunzi. Jaribu sakafu mwenyewe kwa gambuti. Tope likimnasa mguu mara moja tu, kila dimbwi litakuwa adui.

Kiongozi aingie na kusimama katikati. Wako akiingia, mwache asimame, anywe akitaka, atazame mawimbi. Ila akianza kupiga maji kwa mguu wa mbele mfululizo, msogeze mara moja: hatua inayofuata ni kulala na kugaragara, tandiko likiwa mgongoni. Kuingia kwa kutembea, kutoka kwa kutembea, mara nyingi. Matiti baadaye. Maji hupunguza mwendo ghafla, kwa hiyo anayeingia kwa kasi hujikwaa. Tegemea hilo na ukae wima.

Ngazi za udongo

Hapa mambo ni mepesi. Panda kabla ya kushuka, sentimita 30 hadi 40. Kupanda, inama mbele ushike singa za shingo ili miguu yake ya nyuma isukume bila mzigo. Kushuka, mabega nyuma, visigino mbele, vidole vifunguke hatamu zipite, kisha uzikusanye mkishatua. Ukiinama mbele wakati wa kushuka utatangulia wewe.

Akikataa

Kwanza angalia kama kiunzi kilikuwa kikubwa mno. Kama ndivyo, kishushe au nenda kwenye kidogo, hujashindwa. Kama kilikuwa kidogo, mshikilie akitazame, asigeuze mkia. Akikwepa kushoto, mrudishe kwa kulia, na unaporudi lete nguzo mbili ziegemee kiunzi kama mdomo wa faneli.

Tofautisha hofu na uchovu. Mwenye hofu ameinua shingo, anakoroma kwa pua, mkia umebana, unasikia moyo wake ukidunda chini ya mguu wako. Aliyechoka anajikwaa, anakuwa mzito mkononi, jasho limekuwa povu. Wa kwanza mpe muda. Wa pili mpeleke nyumbani. Farasi akivuta pumzi ndefu, akatafuna lijamu na kushusha kichwa, ameelewa, na hapo usiongeze kingine hata kama saa moja ya kuazima uwanja imebaki nusu.

Mashindano ya kwanza yasubiri mpaka avuke kila aina ya kiunzi cha sentimita 70, bila kiongozi, mahali pawili tofauti. Daraja la mashindano lenye viunzi vya sentimita 80 Uingereza hukimbiwa kwa mita 435 kwa dakika. Pima mita 435 shambani umkimbize huku saisi ameshika saa, ili ujue mwendo huo mwilini. Siku yenyewe iache saa nyumbani. Kukataa mara moja ni alama 20 za adhabu, kuchelewa ni alama chache tu, na farasi mwoga anayepewa nafasi ya kutazama mara nyingi huruka. Asubuhi inayofuata mtembeze dakika 20 bila tandiko na upitishe mkono kila mguu ukitafuta joto au uvimbe, hasa nyuma ya miguu ya mbele chini ya goti.